Vifungo Juu ya Nyuzi Tano

Fundi aliogopa senene. Naanza na hilo makusudi, kwa sababu ukimwuliza mtu mwingine yeyote wa Bukoba habari za Fundi atakuanzia na vita: jinsi ndege ya adui ilivyopita juu ya mji, watu wote wakakimbilia migombani, na yeye akabaki kwenye cherehani anamalizia pindo la suruali. Ni kweli. Shangazi yangu wa Nyanga alikuwepo; yaani alikuwa migombani kifudifudi, lakini aliporudi mjini alimkuta Fundi anapiga pasi. Wakamwuliza kwa nini hakukimbia. Akasema pindo haliachwi katikati. Tangu siku hiyo wakamfanya shujaa. Mimi nimemwona shujaa wao amepanda juu ya meza ya kukatia, soksi moja imeteremka, kwa ajili ya senene mmoja, panzi tu, aliyeingia dukani na ambaye hakuwa hata na haraka.

Na usidhani kwamba hakuwala. Msimu ukifika, ukimpelekea waliokaangwa alimaliza bakuli akauliza kama nyumbani wamebaki. Nilimwambia huo ni unafiki. Akanijibu kwamba aliyekaangwa nia yake inajulikana.

Alikuwa Mgoa. Wakubwa wanasema zamani barabara ile inayoshuka kwenda ziwani ilikuwa na maduka ya Wahindi na Wagoa kila upande, harufu ya bizari na ya vitambaa vipya. Kisha wakaondoka mmoja mmoja, huyu Dar, yule Kanada, mpaka kwenye safu ile akabaki Fundi, Mhindi mmoja muuza vyombo asiyecheka, na paka. Kila mwaka watu walisema mwaka huu naye anaondoka. Kila mwaka yeye alipaka mlango rangi. Alizaliwa wapi sijui. Sikumwuliza, na yeye hakuniuliza. Ninachojua ni kwamba Kihaya chake kilikuwa kizuri kuliko changu, jambo ambalo Bibi yangu hajanisamehe. Bibi alikuja mjini kutoka Buganguzi mara moja tu, Fundi akamwamkia kwa Kihaya salamu ndefu, akauliza wazima, wagonjwa, migomba, kahawa na mvua, huku mimi mjukuu nimesimama pembeni kama mtalii.

Siku hizi duka limefungwa. Amekwenda Dar kwa mpwa wake kutolewa mtoto wa jicho, na mji mzima unatembea na pindo zilizofumuka unamngoja.

Nilianza kumjua kwa njia ya suruali. Baba yangu alikuwa karani hapa mjini. Alipopata ugonjwa huu wa siku hizi, ambao kwetu kila mtu anaujua na msibani hakuna anayeutaja, alirudi Buganguzi kwa Bibi, akafa nikiwa darasa la sita. Mwaka uliofuata Bibi aliamua kufumua suruali yake ya kijivu anishonee sketi ya shule. Suruali ile ilikuwa imepunguzwa kiuno mara tatu. Lakini ndani kitambaa chote kilikuwepo, kimekunjwa na kulazwa vizuri, hakuna hata upana wa kidole uliokatwa. Bibi akasema hiyo ni kazi ya Mgoa wa Bukoba. Akasema pia kwamba Mgoa huyohuyo alikuja Buganguzi mara moja kwa basi kuleta suruali ile, wakati majirani wengine walikuwa wanatusalimia kutokea barabarani, akaingia chumbani kwa mgonjwa asubuhi na kutoka jioni. Bibi alishinda kibanjani siku ile anapalilia migomba, mimi nikiwa shuleni, na mpaka leo anashangaa ni suruali gani ya kupimwa kutwa nzima.

Miaka ile wanaume wa mji huu walikonda, na wote walimpelekea Fundi suruali. Hakuuliza. Alisema tu kwamba vitambaa vya siku hizi vinatanuka. Nilipokwisha kumzoea nilimwuliza kwa nini hakukata.

"Ukikata, umeshamhukumu mtu," alisema. "Ukikunja, akinenepa unafungua."

"Walionenepa wangapi?" Mdomo wangu hauna breki, hata Shangazi analalamika.

Alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Wawili. Mmoja ilikuwa ni minyoo tu. Lakini suruali ilimtosha."

Sasa habari ya karatasi. Baba aliacha mandolini. Kama hujaiona, ni kama gita lililokataa kukua, lina tumbo la mviringo na nyuzi nane ambazo zinakwenda mbilimbili kama masista wakienda sokoni. Ilining'inia ukutani kwa Bibi, nyuzi zimebaki tatu. Likizo ya kuanza kidato cha kwanza niliishusha, nikaitikisa, nikasikia kitu kinachakarika ndani. Bibi akasema ni mende. Nikaigeuza, nikaingiza kijiti kwenye tundu, nikavuta karatasi iliyokunjwa mara nne, kona moja kweli imeliwa na mende, kwa hiyo Bibi hakuwa amekosea sana.

Ilikuwa na mistari mitano mitano, na juu yake vichwa vyeusi vyenye mikia, kama viluwiluwi kwenye dimbwi. Hakuna neno hata moja. Lakini wino ulikuwa wa baba, ule wa kijani aliouiba ofisini. Miezi yake ya mwisho vidonda vya koo vilimnyima kusema. Alikuwa ananiangalia tu na kunikonyeza, na mimi namkonyeza. Kwa hiyo unaelewa. Karatasi ile ilikuwa ndiyo maneno yake yaliyobaki, na mimi nilikuwa nayo mkononi na siwezi kuyasikia.

Shule ilipofunguliwa nilihamia mjini kwa Shangazi, na mwalimu wetu wa kwaya aliigeuza juu chini, akairudisha. Sisi kwaya tunasoma herufi, do re mi za kuandikwa kwa kalamu kama maneno ya kawaida. Alisema nota za mistari ni za kizungu na mjini mtu pekee anayezisoma ni Fundi. Jumamosi hiyohiyo nikaenda.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba. Sketi imeachia?"

"Haijaachia. Nimeleta karatasi. Naomba unipigie, nisikie."

Aliishika mbali na macho, kisha karibu. Akauliza ni ya nani, nikamtajia jina la baba. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya futi kamba iliyokuwa shingoni mwake, ingawa futi kamba haifuti kitu. Kisha akaikunja karatasi kwa kufuata mikunjo yake ya zamani na kunirudishia.

"Mimi sisomi barua za watu."

"Siyo barua, Fundi. Ni nota."

"Ni barua. Soma mwenyewe."

"Sijui kuzisoma."

"Basi leta tatizo hilo," alisema. "Karatasi weka nyumbani."

Nilimchukia kwa muda wa siku sita. Siku ya saba ilikuwa Jumamosi tena, nikarudi.

Shule yake haikuwa na ubao. Alibana pini kumi kwenye meza ya kukatia, akatandaza kati yake nyuzi tano nyeupe zilizonyooka kama waya za simu, kisha akachukua kopo la vifungo. Kifungo cheupe kikubwa cha koti kilikuwa nota nzima, na urefu wake ni yadi moja. Kifungo cheupe chenye mkia wa uzi ni nusu yadi. Cheusi chenye mkia, robo. Cheusi chenye mkia uliopinda, nusu ya robo, kipande cha kushonea mfuko. Alinifundisha kuvipanga juu ya nyuzi na katikati ya nyuzi, na kusema majina yake kwa sauti, haraka, huku yeye anakanyaga cherehani ili nipate mwendo. Nikikosea, cherehani ilisimama. Kusimama kwa cherehani ile kulikuwa kubaya kuliko fimbo ya mwalimu wa hesabu.

Wateja walizoea. Mama mmoja wa benki alikaa wiki nzima na blauzi isiyo na kifungo cha tatu, kwa kuwa kifungo chake kilikuwa mi ya juu na Fundi hakutaka kuvuruga mstari. Alipokuja kudai, aliambiwa asubiri kidogo, mtoto yuko katikati ya wimbo. Akasubiri. Akaanza na yeye kusema do, re. Kila mtu aliyeingia pale alitoka amejifunza kitu ambacho hakukifuata.

Kwa kupigia nyuzi za mandolini, ya baba na ya kwake iliyoning'inia nyuma ya makoti, hakununua kitu. Alitumia vile vipande vya plastiki vinavyokaa ndani ya kola ya shati kuinyoosha. Mashati mengi ya waheshimiwa wa mji huu yana kola zilizolegea, na mimi najua sababu ila sisemi.

Mahali tulipogombana palikuwa kwenye do. Kwenye kwaya yetu, do ni msafiri. Leo mwalimu anasema do iko hapa, kesho anaipandisha kwa sababu sauti ya kwanza wameamka na mafua, na sisi sote tunahama nayo bila kunung'unika. Kwa Fundi, do ilikuwa na nyumba moja, chini ya nyuzi zote tano, kwenye kauzi kake kafupi ka peke yake, na haikutoka hapo hata kwa mtutu wa bunduki. Nilipanga kifungo pale nilipozoea. Akakitoa. Nikakipanga. Akakitoa. Tulikwenda hivyo miezi miwili, nadhani ni ubishi mrefu kuliko yote niliyowahi kushindwa.

"Kwenu do inahama," alisema, "kwa sababu mnaimba pamoja, hampotei. Mandolini haina mdomo. Ukiihamisha do, vidole vitalala njaa."

Sikukubali. Nikaamua kuiba. Nilikuwa nimeshajua vifungo vyote, nyuzi za mandolini nilizipata kwake, na Shangazi wa Nyanga alikuwa amekwenda kuchuma kahawa. Nikaitoa karatasi ya baba, nikaweka do pale roho yangu ilipoona panafaa, kwenye mstari wa chini kabisa, nikapiga. Shangazi aliporudi aliniuliza kama mbuzi wameingia jikoni. Nilirudia. Ilikuwa chungu mwanzo hadi mwisho, nota zinakanyagana, halafu zinanyamaza, halafu zinakanyagana tena. Nikakaa kitandani na mandolini magotini. Nilikuwa nimeota maneno ya baba mwaka mzima, kumbe baba alikuwa hana la kusema, au alikuwa nalo na hakujua kulisema. Wiki mbili sikwenda kwa Fundi. Darasani nilichekesha watu mpaka nikapigishwa magoti nje, na hakuna aliyejua sababu.

Mwishowe nilikwenda kumwambia kwamba naacha, kwa sababu wimbo wenyewe haufai.

"Do uliiweka wapi?" aliuliza.

Nikamwonyesha. Hapo ndipo nilipomwona Fundi anacheka kwa mara ya kwanza. Alicheka hadi subana, ile kofia ya chuma ya kidole, ikamtoka na kubingirika chini ya meza, ikabidi mimi nitambae kuitafuta. Nilipoinuka na vumbi puani, alikuwa ameshaanza kubana pini.

Jumapili alikwenda misa, lakini kwaya ilipoimba alitoka nje akasimama chini ya upenu. Padri alimwuliza, akajibu kwa heshima kwamba Mungu anamsikia hata pale, ila pale yeye haisikii sauti ya tatu. Watu walisema ana majivuno. Labda. Lakini kwenye misiba alikuwa hatoki. Na misiba ilikuwa mingi, miaka hiyo, wiki nyingine tulizika Jumanne na Ijumaa. Alifunga duka, akavaa koti lake la kahawia, akasimama nyuma, na kwaya ileile ikiimba vilevile vibaya alibaki mahali pake mpaka wimbo uishe. Kitu hicho sikukielewa. Mtu hawezi kuvumilia wimbo kanisani ila anauvumilia kaburini. Nilipomwuliza alisema kaburini hakuna anayeimba kwa ajili ya masikio.

Alikuwa na jambo jingine la kuudhi. Kila nilipopanga vifungo vyangu na kubakiza nafasi, alileta kiberiti na kuweka njiti pale penye nafasi. Njiti moja, kimya cha robo yadi. Njiti mbili, nusu. Nilimwambia hiyo ni kupoteza viberiti, kimya ni kimya, mtu si ananyamaza tu.

"Kimya nacho ni kitambaa," alisema. "Kinapimwa. Usipokipima, koti litakubana kwapani."

Ile karatasi ya baba ilikuwa imejaa vimya. Nilivihesabu mara moja nikafikia thelathini na ngapi, nikachoka. Nikafikiri alikuwa anapumzika kwa sababu ya homa.

Miaka ikaenda. Nikasoma nyuzi tano kama ninavyosoma mbao za maduka, bila kutaka. Nikawa napiga nyimbo za Fundi, zile za kwao zinazoenda kama mtu anayeteremka ngazi amebeba mayai. Yeye macho yake yakaanza kuingia ukungu. Alitunga uzi kwenye sindano kwa kupapasa, na hakukosea, lakini kijani na buluu alivichanganya, na kuna shati moja la sare pale shuleni lenye kola ya rangi ya ajabu ambalo mwenyewe analipenda. Mpwa wake akaandika barua kwamba aje Dar. Fundi akapaka mlango rangi. Mpwa akaandika tena. Mlango ulikuwa bado haujakauka.

Karatasi ya baba sikuigusa tena. Nitasema ukweli, niliogopa. Kuogopa senene ni nafuu, senene unaweza kumkaanga.

Desemba iliyopita, baada ya mtihani wa kidato cha tatu, nilikwenda dukani kumuaga. Alikuwa amekubali hatimaye kusafiri, na sanduku lake lilikuwa mlangoni limefungwa kwa pindo la shuka. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya Bukoba, ya mchana, ambayo haina ugomvi na mtu. Hapakuwa na mteja. Nikakaa kwenye kiti cha wanaosubiri, nikatoa mandolini, nikatoa karatasi, nikaitandaza juu ya meza kati ya matundu ya pini.

Fundi hakuuliza ni nini. Aliketi kwenye cherehani yake, lakini hakukanyaga.

Niliweka do nyumbani kwake. Nikapiga yote, polepole, na vimya vyote nikavihesabu kwa mguu. Safari hii hakukuwa na uchungu. Kila nota ilikaa mahali pake. Ila nilipomaliza nilibaki nimeduwaa, kwa sababu sikusikia wimbo. Tum, tum, kimya. Tum-tum, tum, kimya kirefu. Nota tatu nzuri, kimya.

"Fundi, samahani," nilisema. "Ni kama kumsikiliza mtu akiongea na simu posta. Ndiyo. Ndiyo. Enhe. Halafu ananyamaza. Halafu, enhe."

"Umesoma vizuri sana," alisema.

Alisimama, akapapasa ukutani nyuma ya makoti, akashusha mandolini yake. Akachomoa plastiki kwenye kola ya shati alilolivaa mwenyewe.

"Anza tena. Ukifika kwenye kimya, usikikimbie."

Nikaanza. Na yeye akaingia. Hakuwa na karatasi, na angekuwa nayo asingeiona. Wimbo ulikuwa kwake. Ulipanda, ukacheka, ukageuka nyuma kuangalia kama ninakuja, na kila aliponyamaza mimi nilikuwa na la kusema, na kila niliponyamaza mimi, kimya chote kilikuwa kimejaa. Zile tum-tum zangu za kijinga zilikuwa hatua za mtu anayetembea pembeni ya mwenzake. Nikaupita mwisho wenyewe kwa nota moja.

Mvua ikaendelea na shughuli zake.

"Kumbe hii ndiyo suruali uliyoipeleka Buganguzi," nilisema.

"Suruali nilipeleka. Ilipimwa dakika kumi." Alifuta nyuzi kwa mkono wa koti. "Baba yako aliandika wimbo huu hapa dukani, alipokuwa akinijia kila Jumamosi. Siku ile tuliupiga mara nne. Baada ya hapo vidole vilikataa."

"Mbona hukuniambia siku ya kwanza?"

"Ningekupigia yangu, ungesikia nusu na kwenda zako. Hii nusu nyingine nilikuwa sina mtu wa kuipiga."

Nikaangalia karatasi. Nilikuwa na swali moja tu, na lilikuwa la kipumbavu, nikaliuliza. Kama baba ndiye aliyeutunga, kwa nini wimbo wote akampa Fundi, na yeye mwenyewe akajiandikia tum-tum na vimya thelathini na ngapi?

Fundi alifikiri namna ya kuliweka. Aliheshimu wafu, lakini aliheshimu zaidi vipimo.

"Baba yako," alisema, "alikuwa anaandika vizuri sana. Kupiga, waitu mwanangu, alikuwa hajui. Alijiwekea vimya apate kupumua."

Nilicheka mpaka paka wa duka la jirani akaja kuchungulia. Nilicheka, na machozi yakanitoka yenyewe, na Fundi akanipa kipande cha kitambaa cha bitana nijifute, kisha akakidai kirudi kwa sababu kilikuwa cha mtu.

"Tena," alisema. "Kile kimya cha tatu umeingia mapema."

"Samahani."

"Usiombe samahani. Na yeye alikuwa anaingia mapema palepale. Mara zote nne."

Tukaanza tena. Kimya cha kwanza nikakipima. Cha pili nikakipima. Cha tatu nikakihesabu vizuri kabisa, moja, mbili, tatu, nikajua mahali penyewe hasa pa kuingilia. Nikaingia mapema.